Kiyoyozi cha nyumba nzima: kianzie kwenye ramani, si dukani

Nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hukutana na fundi wa AC siku za mwisho kabisa, vigae vimeshalazwa na rangi imekauka. Hapo kinachobaki ni kutoboa kuta na kupitisha mabomba nje kwa nje. Kwa AC moja ya chumbani hilo linavumilika. Kwa kiyoyozi cha nyumba nzima, kile ambacho mashine moja au mbili hulisha vyumba vyote kupitia dakti (njia za kupitishia hewa) zilizo juu ya dari au mabomba ya shaba yaliyofichwa ukutani, umechelewa. Nafasi yake hutengwa kwenye ramani, kabla msingi haujachimbwa, na maamuzi mengi mazito hufanywa wakati huo ambapo hakuna hata bati moja lililonunuliwa.

Mwongozo huu ni wa anayejenga pwani, kwenye joto lenye unyevu. Anayejenga Nairobi, Arusha au Mbeya asome hatua ya pili peke yake, kwa kuwa nyanda za juu kivuli na madirisha yanayotazamana vinatosha karibu mwaka mzima. Dodoma nayo ni habari nyingine: joto lake ni kavu, na feni za dari hufanya kazi ambayo pwani haziwezi.

Hatua ya 1: Andika nani anakuwa wapi, saa ngapi

Chukua nakala ya ramani na kalamu. Kwenye kila chumba andika ukubwa kwa mita za mraba, idadi ya watu, na saa ambazo chumba kitakuwa na watu kweli. Kaa na wenzako wa nyumbani mlijaze pamoja, maana baba anayerudi saa mbili usiku na bibi anayeshinda nyumbani wana nyumba mbili tofauti ndani ya kuta zile zile.

Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama unahitaji kiyoyozi cha nyumba nzima au la. Nyumba ambayo mchana iko tupu, jioni watu wako sebuleni na usiku wamegawanyika vyumbani haina sababu ya kupozwa yote kwa wakati mmoja. Nyumba yenye wazee, mtoto mchanga, msaidizi na mtu anayefanya kazi nyumbani hutumika saa zote, na hapo mfumo wa pamoja unaanza kuwa na maana.

Wengi wetu tuna ndugu Muscat au Dubai, na wazo la kiyoyozi cha nyumba nzima limetoka huko. Kule joto la kiangazi hupita nyuzi 40, nyumba hujengwa zikiwa zimezibwa, na kiyoyozi hakizimwi kwa miezi. Nyumba ya Kigamboni au Nyali hufunguliwa madirisha asubuhi, mlango wa jikoni uko wazi kutwa, na Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapoza wenyewe. Kuhamisha mfumo wa Muscat kama ulivyo ni kulipia uwezo ambao hutautumia.

Hatua ya 2: Zuia joto kabla ya kununua ubaridi

Hapa ndipo pesa huokolewa kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanapopita haraka kwa sababu hakuna mashine ya kuonyesha wageni.

Anza na paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi, ndani ya msimu wa joto, halisogei mbali na utosi. Maana yake ni kwamba paa hupigwa jua kuliko ukuta wowote. Bati la rangi nyeusi au ya damu ya mzee hupika hewa iliyo juu ya dari, na joto hilo hushuka vyumbani hadi usiku. Chagua bati la rangi nyeupe au ya kung'aa. Chini yake weka foili inayorudisha joto, na kumbuka kwamba foili hufanya kazi ikiwa na uwazi wa hewa upande mmoja. Ikibanwa kati ya bati na mbao haisaidii kitu. Juu ya dari ya jipsamu tandaza pamba ya kioo. Kama fedha inaruhusu kimoja tu kati ya pamba hiyo na mashine kubwa zaidi, nunua pamba.

Kisha tazama magharibi. Jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni huja chini chini, likipita chini ya upenu wowote na kuingia moja kwa moja dirishani. Panga upande huo bafu, stoo, ngazi au gereji, na vyumba vya kulala viangalie kaskazini na kusini ambako upenu wa paa wa mita moja unatosha kukinga kioo. Pande hizo mbili, kaskazini na kusini, ndiko zinakotoka pepo zetu, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi kuanzia Aprili au Mei, kwa hiyo siku ambayo hutaki kuwasha AC nyumba bado inapumua. Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene na dari ndefu, walilijua hili bila kipimo chochote.

La tatu ni kuziba. Dirisha la luva halizibiki, na chumba chenye luva hakipaswi kuwekewa kiyoyozi. Madirisha ya alumini ya kuteleza ni afadhali lakini huvujisha kwenye reli. Yale yanayofunguka kwa bawaba na kubana kwenye mpira ndiyo bora kwa chumba cha AC. Hewa ya nje inayopenya pwani haileti joto peke yake, inaleta maji.

Hatua ya 3: Pata ukubwa sahihi, na uogope ukubwa uliozidi

Uwezo wa kiyoyozi husemwa kwa BTU, kipimo cha joto, kwa saa. BTU 12,000 ni tani moja, sawa na kilowati 3.5 za ubaridi. Tani hii haihusiani na uzito wa mashine.

Kwa makadirio ya mwanzo ya nyumba ya pwani yenye dari iliyowekewa pamba na madirisha yenye kivuli, mimi huanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba ya chumba cha kulala na 650 kwa sebule. Chumba kilicho chini ya bati tupu au chenye kioo kikubwa cha magharibi kitahitaji zaidi, hata 900. Kila mtu wa ziada aliyekaa anaongeza karibu BTU 400.

Tuseme nyumba ina sebule na sehemu ya kulia chakula zilizoungana, mita za mraba 45. Chumba kikuu mita 20. Vyumba viwili vya watoto mita 14 kila kimoja. Na cha wageni mita 12. Sebule inataka BTU 29,250. Chumba kikuu 12,000. Vya watoto 8,400 kila kimoja. Cha wageni 7,200. Jumla ni BTU 65,250, karibu tani tano na nusu. Lakini rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Sebule inafikia kilele jioni, vyumba vya kulala usiku. Mfumo unaoweza kufungua na kufunga kila chumba peke yake unaweza kutosheka na mashine ya nje ya BTU 48,000. Mfumo wa dakti usio na migawanyo, unaopuliza kote kwa pamoja, lazima ununuliwe kwa jumla yote.

Makadirio hayo ni ya kukupa msimamo unapozungumza na wauzaji, hayatoshi kuagizia mashine. Kwa mfumo wa nyumba nzima mwombe mhandisi akupe hesabu ya mzigo wa joto ya chumba kwa chumba, kwa maandishi, inayoonyesha mwelekeo wa kila dirisha, aina ya paa na idadi ya watu. Mkandarasi anayetaja tani baada ya kutazama ramani kwa dakika mbili hajafanya hesabu hiyo.

Sasa kuhusu kuzidisha. Pwani, kiyoyozi kina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Kazi ya pili ndiyo iliyozaa mashine yenyewe. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu ulikuwa ukitanua na kusinyaza karatasi hata rangi zikawa hazikutani. Hewa hukauka inapopita taratibu juu ya koili baridi, yale mabomba yaliyokunjwa ndani ya mashine, na kuacha maji yake. Hilo linahitaji muda. Mashine kubwa kupita kiasi hushusha joto la chumba kwa dakika chache, kompresa (pampu inayozungusha gesi ya kupozea) inazima, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe kama pango: shuka zina unyevunyevu, viatu vya ngozi kabatini vinaota ukungu, na watu wanateremsha rimoti hadi 18 wakidhani baridi haitoshi. Masika ya Aprili, usiku una nyuzi 25 tu lakini hewa imejaa maji, ndipo kosa hili hujitokeza.

Kwa hiyo hesabu ikikupa BTU 10,500, usikimbilie 18,000 kwa hofu. Nunua 12,000. Chagua inveta, ambayo kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, na muulize muuzaji swali ambalo wachache huuliza: inaweza kushuka hadi BTU ngapi? Mashine ya 12,000 inayoshuka hadi 3,000 itakausha chumba usiku kucha kwa sauti ndogo. Kwa mfumo wa dakti, mwambie mhandisi apange upepo wa takriban mita za ujazo 600 kwa saa kwa kila tani badala ya 680 za kawaida. Upepo wa taratibu zaidi huacha maji mengi zaidi kwenye koili.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mfumo

Kwa nyumba ya kuishi kuna njia nne za kweli. Ya mitambo ya maji baridi, inayotumika hotelini na maofisini, iache huko huko.

Ya kwanza ni AC za kawaida za ukutani, kila chumba na yake. Hazipendezi wachoraji wa ndani, ila moja ikiharibika nyingine zinafanya kazi, na fundi wa kuzitengeneza yupo kila mtaa.

Ya pili ni mashine moja ya nje yenye mashine mbili hadi tano za ndani. Inaokoa nafasi kwenye ukuta wa nje na balkoni. Udhaifu wake ni kwamba kompresa ni moja.

Ya tatu ni ya dakti: mashine imefichwa juu ya dari na hewa inatokea kwenye matundu. Ndiyo safi kwa macho na tulivu kwa masikio, na kwa sebule kubwa iliyo wazi haina mpinzani, kwani hewa inatawanywa sawasawa badala ya kumpiga mtu mmoja kichwani.

Ya nne ni VRF, ambayo Daikin walioianzisha mwaka 1982 huiita VRV. Mashine ya nje hulisha mashine nyingi za ndani, za ukutani au za dakti, na kupima gesi kwa kila chumba kulingana na haja. Kwa nyumba ya ghorofa yenye vyumba sita au zaidi ni mfumo mzuri sana. Bei yake ni ya juu, na inahitaji fundi aliyefundishwa na mtengenezaji pamoja na bodi za vipuri ambazo huenda zikaagizwa nje.

Kwa nyumba ya mfano ya hapo juu, msimamo wangu uko wazi: dakti ya inveta ya BTU 30,000 hadi 36,000 sebuleni, na AC za ukutani vyumbani, 12,000 kwa chumba kikuu na 9,000 kwa vingine. Mfumo mmoja wa dakti kwa nyumba nzima, bila migawanyo, ndio ninaouonea shaka kuliko yote pwani. Unapoza chumba cha wageni kilicho kitupu, unasambaza harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, na siku kompresa inapokufa familia nzima inalala kwenye joto. Ukiutaka hata hivyo, gawa nyumba sehemu mbili angalau, ya mchana na ya kulala, kila moja na mashine yake.

Hatua ya 5: Dakti zikiwemo, tetea nafasi yake juu ya dari

Mashine nyembamba ya dakti ina kimo cha sentimita 20 hadi 30. Ukiongeza dakti yenye pamba yake, vining'inizo na mteremko wa bomba la maji, unahitaji sentimita 40 hadi 45 kati ya slabu na jipsamu. Kama sakafu hadi slabu ni mita 2.8, chumba kitabaki na mita 2.4 hivi na kitabana. Ongeza kimo cha ukuta kwenye ramani, au teremsha dari kwenye korido peke yake, dakti zipite hapo na kutoa hewa vyumbani kupitia ukuta ulio juu ya mlango. Njia hii ya korido ni nzuri kuliko zote kwa nyumba ya ghorofa. Angalia pia boriti za zege zinapokatisha. Kutoboa boriti baada ya zege kukauka ni hatari kwa jengo, na msanifu lazima aseme mapema wapi tundu litaachwa.

Hewa inayorudi husahaulika mno. Mashine ikipuliza hewa chumbani na mlango ukafungwa, hewa hiyo haina pa kutokea. Chumba kinajaa shinikizo, ubaridi unapungua, na sebule inaanza kuvuta hewa ya joto kutoka nje kupitia nyufa. Kila chumba cha kulala kiwe na tundu lake la kurudishia hewa, au wavu juu ya mlango. Uwazi mdogo chini ya mlango hautoshi kwa chumba kikubwa. Usiruhusu tundu la kurudishia liwekwe jikoni, bafuni wala kwenye gereji. Na usikubali nafasi iliyo juu ya dari itumike yenyewe kama njia ya kurudisha hewa chini ya bati. Mashine itakuwa inavuta hewa ya paa na vumbi la popo na mijusi.

Dakti zote zifunikwe pamba yenye ngozi ya foili isiyo na mpasuko, maungio yapakwe gundi maalumu na si utepe wa kawaida, ambao hubanduka kwa joto. Nchini Marekani, ambako dakti ni jambo la kila nyumba, inakadiriwa kuwa asilimia 20 hadi 30 ya hewa hupotea kwenye uvujaji. Kwetu uvujaji una adhabu ya pili: hewa yenye unyevu ikigusa dakti baridi hutoa jasho, jasho linadondokea jipsamu, na baada ya msimu mmoja unaona mabaka ya kahawia darini. Epuka dakti laini za kukunja kwa masafa marefu. Mita mbili za mwisho zinatosha.

Chini ya kila mashine acha mlango wa ukaguzi ambao mtu mzima anaweza kupenyeza mabega na mikono. Wachora mapambo hupenda kuupunguza. Usikubali.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya umeme ukiwa bado na uchaguzi

Tafuta kwenye karatasi za mashine umeme inaovuta kwa kilowati, kisha gawa uwezo wake wa ubaridi kwa namba hiyo. Mashine ya tani 4 ina kilowati 14 za ubaridi. Ikivuta kilowati 4.7, uwiano wake ni 3. Tuchukulie uniti moja shilingi 350 za Tanzania. Ikifanya kazi saa 10 kwa siku kwa wastani wa asilimia 60 ya nguvu zake, inakula uniti 28.2, sawa na shilingi 9,870 kwa siku, karibu 296,000 kwa mwezi. AC tatu za vyumbani zenye jumla ya BTU 30,000 na uwiano wa 4, kwa saa 8 za usiku na nusu ya nguvu, zinakula uniti 8.8, shilingi 3,080 kwa usiku, karibu 92,000 kwa mwezi. Weka bei unayolipa kwenye LUKU yako na saa za familia yako. Hesabu ni hiyo hiyo. Kenya, angalia pia nyota za EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwenye lebo ya mashine.

Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50. Anayeleta mashine ndani ya kontena kutoka Marekani au Saudi Arabia ajue nchi hizo zinatumia hezi 60, na kompresa iliyotengenezwa kwa 60 haina uhakika kwenye 50. Za Dubai na Oman ni za hezi 50, nyingi zikiwa za daraja la T3, lililopimwa kwa joto la nje la nyuzi 46. Sisi T1, inayopimwa kwa nyuzi 35, inatutosha.

Ukijumlisha kiyoyozi cha tani 4, hita ya maji, jiko la umeme na pampu ya kisima, umeme wa njia moja unazidiwa. Omba njia tatu tangu mwanzo. Kubadilisha baadaye ni kuvuta waya upya. Kila mashine iwe na breka yake na waya wake kutoka kwenye bodi. Kwa kawaida waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha AC ya 9,000 au 12,000, na 4 kwa 18,000 na 24,000, lakini urefu wa waya ukizidi, fundi umeme apande saizi moja. Ongeza kifaa cha kulinda volteji kinachochelewesha umeme dakika kadhaa unaporudi baada ya kukatika, na ethi iliyopimwa kweli. Kama kutakuwa na jenereta, ikae mbali na tundu lolote la kuingiza hewa ndani. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 7: Gesi, na chumvi ya bahari

Usinunue mashine ya gesi ya R-22, hata kwa bei ya kutupa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 gesi hiyo inaondolewa sokoni, na kwa nchi zinazoendelea karibu yote itakuwa imekwisha ifikapo 2030, ikibaki kidogo ya matengenezo. R-410A bado ipo kwa wingi, lakini ni mojawapo ya gesi ambazo Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa Rwanda Oktoba 2016, yanapunguza hatua kwa hatua kwa sababu ya kuongeza joto la dunia. R-32 ina athari ya karibu theluthi moja ya hiyo, na ndiyo ningenunua leo. Inaweza kushika moto kwa shida, kwa hiyo fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Mashine ya nje ikiwa karibu na bahari, chumvi hula mapezi ya alumini hadi yanakuwa unga. Dai koili iliyopakwa kinga dhidi ya kutu na vishikio vya chuma kisichoshika kutu. Iweke upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, na uweke bomba la maji baridi karibu ili ioshwe mara kwa mara. Maji ya kisima cha chumvi hayafai. Acha sentimita 30 nyuma na zaidi ya mita moja mbele. Usiifungie kwenye kishimo cha mwanga kati ya kuta, itavuta joto lake yenyewe. Na isielekee dirisha la jirani anakolala.

Hatua ya 8: Kabla ya lipu

Mabomba ya shaba, waya wa mawasiliano na bomba la maji hupita ukutani kabla ya kupiga lipu. Shaba iwe shaba kamili. Kuna mabomba ya alumini yaliyopakwa rangi ya shaba, hivyo kwangua mwisho wake uone. Mabomba yote mawili, nene na jembamba, yavikwe pamba ya mpira kila moja peke yake.

Bomba la maji lipewe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote. Mashine ya tani moja ikifanya kazi kwa nguvu msimu wa unyevu hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa saa, kwa hiyo yapeleke kwenye bustani au tanki la kuflashia choo, si kwenye msingi wa nyumba. Yakiunganishwa na bomba la maji machafu, weka mtego wa maji, la sivyo harufu itapanda chumbani. Mimina ndoo nzima ya maji kwenye kila bomba na uyaone yakitoka upande wa pili kabla ukuta haujafungwa.

Kisha mabomba ya gesi yajazwe naitrojeni kwa shinikizo aliloandika mtengenezaji, mara nyingi karibu bari 40 kwa R-410A na R-32, yaachwe saa 24. Piga picha ya geji mwanzoni na mwishoni. Picha za kila ukuta zichukuliwe pia na futi ikiwa imelazwa juu yake, ili kesho fundi wa pazia asitoboe shaba.

Hatua ya 9: Mchague fundi kwa maswali

Omba makadirio ya bei kutoka kwa watatu, wote wakitumia hesabu moja ya mzigo wa joto. Uliza kila mmoja: ana pampu ya kuvuta hewa yote kutoka kwenye mabomba kabla ya kuachia gesi, na kipimo cha mikroni kinachoonyesha hewa iliyobaki? Mabomba anayachomea naitrojeni ikipita ndani? Vipuri vya mashine hii viko nchini? Waranti ya kompresa inatoka kwa nani, na inavunjika kwa lipi? Anayesema atatoa hewa kwa kufungulia gesi kidogo ipulize, mshukuru na uende kwa mwingine. Unyevu unaobaki ndani ya mabomba hula kompresa polepole, na waranti haitakutetea.

Hatua ya 10: Siku ya kukabidhiwa

Bakisha sehemu ya malipo hadi siku hii, na iwe mchana wa joto. Pampu ivute hadi mikroni 500 au chini, mbele yako. Washa mfumo kwa dakika 20, kisha pima hewa inayotoka na inayorudi; tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Funga milango ya vyumba na upime tena. Weka rimoti kwenye 25 na kipimo cha unyevu cha bei ndogo sebuleni. Ndani ya saa chache kishuke chini ya asilimia 60. Zima na kuwasha breka kuu uone kama mashine zinasubiri kabla ya kurudi.

Chukua michoro ya mabomba na dakti kama zilivyofungwa kweli, namba za mashine, kiasi cha gesi kilichoongezwa, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Mwombe fundi akuonyeshe kuvua na kuosha vichujio, na mwanafamilia mwingine zaidi yako ajaribu kuvivua mwenyewe: huoshwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na usafi mkubwa wa koili ufanywe angalau mara moja kwa mwaka, Oktoba au Novemba, kabla kaskazi haijaanza na mafundi wote hawajashikwa na kazi.